Lalamiko lisilofia masjala: namna ya kudai msaada mtaa wako unapochafuliwa

Kila masika, mvua zikishakolea mwezi wa nne, simu yangu hupigwa usiku. Kisa huwa kilekile: jirani ametapisha choo. Mvua kubwa inashuka, mtu anazibua tundu la shimo, kinyesi kinaingia mtaroni pamoja na maji ya mvua, kinapita milangoni kwa watu hadi korongoni. Asubuhi watoto wanakanyaga hapohapo wakienda shule.

Nilikuwa afisa afya wa kata kwa miaka 21. Nilianzia Moshi, nikamalizia Arusha. Sasa nimestaafu, na siku nyingi nakaa na wakazi kwenye baraza za nyumba zao nikiwasaidia kuandika malalamiko. Nimeyaona mengi ya kweli yakifa. Mengine yalizembewa na ofisi, na hilo linaniuma hadi leo. Ila mengi zaidi yalisemwa kwa mdomo, kwa mtu asiyehusika, bila tarehe. "Bwana afya, kule kwetu kunanuka" ni kilio cha haki, lakini hakuna karani anayeweza kukifungulia jalada.

Kwa hiyo naandika hapa njia ninayowapitisha wakazi, kwa mpangilio ule ule ninaoutumia nao.

Kwanza kabisa: kama hatari ni ya sasa hivi

Usianze kuandika barua wakati watu wanadhurika. Kukiwa na moto au kemikali imemwagika, piga 114, zimamoto na uokoaji. Ondoa watu waende upande ambao upepo unatokea, si ule unaoelekea. Usiifagie kemikali usiyoijua na usiimwagie maji.

Mtu akiwa amekunywa au kumwagikiwa na dawa ya shambani, usimlazimishe kutapika wala usimnyweshe maziwa ukidhani ndiyo tiba. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize hospitali pamoja na chupa au pakiti ya dawa yenyewe. Lebo ya ile chupa inamwambia daktari kilichomo, na dakika anazookoa hapo ni nyingi. Kwa kuuliza jambo la afya lisilo la dharura kubwa, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Hatua ya 1: Jua tatizo lako ni la meza ya nani

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza miezi. Nimekutana na mzee wa Moshi aliyezungushwa tangu Januari hadi Juni kwa sababu ya chemba iliyokuwa inafurika mbele ya duka lake. Alikwenda kwa mtendaji, akaelekezwa kwa afisa mazingira, akaelekezwa kwa diwani. Chemba ile ilikuwa ya mtandao wa maji taka wa mamlaka ya maji. Alipofika kwenye dawati lao la wateja na kupewa namba ya taarifa, vijana walikuja na gari la kuzibua kesho yake.

Kwa hiyo jiulize: kinachotuumiza kinatoka wapi?

Maji taka yakitoka kwenye chemba au bomba la mtandao, nenda mamlaka ya maji: kwa Arusha ni AUWSA, kwa Moshi ni MUWSA. Wasiposhughulika, juu yao kuna mdhibiti wa huduma za maji na nishati, EWURA, ambaye hupokea malalamiko ya wateja ukimwonyesha kuwa mamlaka uliiambia kwanza. Yakitoka kwenye choo au shimo la mtu binafsi, hiyo ni kazi ya afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kuingia, kukagua na kumwandikia mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero.

Moshi wa kiwanda, rangi inayopuliziwa magari karibu na madirisha ya watu, vumbi la mashine, kelele za baa, taka zinazochomwa: anza na afisa mazingira wa halmashauri yako. Kila halmashauri inatakiwa kuwa naye. Likiwa kubwa kuliko uwezo wake, au ni kiwanda chenye cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, nenda NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha.

Mto ukichafuliwa au kuvamiwa, kuna ofisi ambayo wakazi wengi hawaikumbuki: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, makao yake makuu yapo Moshi. Mto Themi unaopita katikati ya Arusha huishia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo anayemwaga oili chafu Themi anawamwagia wavuvi walio mbali sana naye. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka kingo zake. Kumbuka hiyo namba, mita 60. Mara nyingi inatosha kuitaja.

Dawa za mashamba na bustani, zikiwemo zile zinazouzwa kwenye chupa za soda bila lebo, ni za TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyopo Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha. Kemikali za viwandani zinahusu pia Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kama wanaoumia ni vibarua walio ndani ya eneo la kazi, basi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kuna hatari moja ya kwetu isiyo na mkosaji wa kushitakiwa: floraidi. Miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru inaitoa kwenye maji ya visima na chemchemi, na ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya kahawia, na kwa waliokunywa miaka mingi, mifupa inayokakamaa na kupinda. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Nawasihi wazazi: kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kuwa nzito. Magadi yanayowekwa kwenye makande ili yaive haraka nayo huongeza. Kwa tatizo hili, omba maji yapimwe, na swali la kupeleka kwenye mkutano wa mtaa liwe: chanzo mbadala kitafika lini, na wakati tunasubiri, maji ya kunywa na kupikia ya watoto tutayapata wapi?

Hatua ya 2: Fungua daftari

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja kwangu kina mama wawili kutoka mtaa mmoja ulio kando ya Themi. Walikuwa na karatasi yenye saini zaidi ya 60. Nyuma ya ukuta mmoja kulikuwa na watu wanaopasua betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Watoto walikuwa wanalalamika tumbo, na nguo zilizoanikwa uani zilikuwa zinatoboka vitundu vidogo. Maofisa walikuwa wamekwisha kwenda pale mara mbili. Jibu lilikuwa: "Tumefika, hatukukuta kitu."

Na kweli hawakukuta. Walikwenda saa nne asubuhi, na moto ulikuwa unawashwa usiku.

Nikawaambia, "Mama zangu, saini 60 zinaonyesha mmekasirika. Hazionyeshi ni lini." Tukanunua daftari la kawaida la mistari. Kwa wiki tano mmoja wao, ambaye dirisha lake la jikoni linatazama ule ukuta, aliandika. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi:

"Jumanne. Saa nne na nusu usiku. Moshi mweupe mzito, harufu ya asidi, inakwaruza koo. Upepo unakuja kwetu. Umeisha saa nane usiku. Wameona: mimi, mama wa nyumba ya bati la bluu, mlinzi wa dukani. Mtoto wangu wa miaka minne amekohoa hadi asubuhi, ametapika mara moja."

Mistari ya wiki tano ilipopangwa, kila mtu aliona: Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nne usiku. Nilipolipeleka lile daftari, afisa aliyesema hakukuta kitu alilisoma kimya, kisha akauliza, "Ijumaa hii je?" Walikwenda Ijumaa usiku na askari. Walikuta moto unawaka.

Kwa hiyo kila tukio liwe na tarehe, saa ya kuanza na kuisha, ulichoona, ulichonusa, upepo ulikoelekea, nani mwingine ameona, nani ameugua. Siku isiyo na kitu nayo iandikwe: "Leo hakuna moshi." Daftari lenye siku tupu linaaminika kuliko lile linalodai kila siku ni balaa. Tumia kalamu ya wino, usichane kurasa, ukikosea kata kwa mstari mmoja na uendelee.

Picha za simu zinasaidia sana, ila piga mbili kwa kila tukio: moja ya karibu na moja ya mbali yenye kitu kinachotambulika, kama nguzo ya umeme, mnara wa msikiti, bango la duka. Usiruke ukuta wa mtu kufuata picha. Utakuwa umemgeuza yeye kuwa mlalamikaji na wewe mshitakiwa. Nyuso za watoto na za wagonjwa usizipige, na hizo picha usizirushe kwenye makundi ya mtaa kabla ofisi haijafika. Zikirushwa jioni, mwenye kosa atakuwa amesafisha asubuhi.

Kuhusu maji: sampuli uliyochota mwenyewe kwenye chupa ya soda haitakuwa na uzito kwenye kesi, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa imetoka wapi. Mwache afisa achote mbele ya mashahidi. Kama unataka kujua kwa ajili ya familia yako tu, hapo unaweza kupeleka maabara. Kuna ya chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, na mamlaka za maji nazo zina maabara zao. Waulize kwanza chombo gani kinatakiwa. Kwa floraidi, kwa mfano, huchotewa chupa ya plastiki safi, ya kioo haifai.

Hatua ya 3: Wagonjwa waende zahanati, na iandikwe

Mtoto akikohoa kwa moshi, usimnunulie tu dawa dukani. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, na mweleze mganga waziwazi: "Nyuma ya nyumba kunachomwa betri, anakohoa usiku ule ule." Mwombe aliandike kwenye cheti pamoja na tarehe. Vyeti sita vya nyumba sita tofauti, vya siku zilezile zilizomo kwenye daftari, vina nguvu kuliko hotuba yoyote.

Msiandike ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeusema. Nimeona barua nzuri ikikataliwa kwa sababu ya neno moja, "kansa", lililotiwa kwa uchungu. Andikeni mnachokijua: kikohozi, macho kuwasha, kuhara, vipele.

Madini ya risasi nayatenga kwa sababu yananitisha kuliko mengine yote. Mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa huku yanaharibu ubongo wake unaokua. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Yanakaa kwenye vumbi na udongo, yanaingia kwa mikono inayotiwa mdomoni. Kipimo chake ni cha damu na hakipo kila zahanati, kwa hiyo omba rufaa. Wakati mnasubiri: viatu viachwe nje, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagiliwa kavu, mikono ya watoto ioshwe kabla ya kila mlo, na maziwa na mboga za majani zisikose, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu huinyonya risasi zaidi.

Hatua ya 4: Mwenyekiti wa mtaa

Je, uanze na jirani mwenyewe? Kwa choo, taka au muziki, ndiyo. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa, shikamoo zitangulie, mseme jambo lenu kwa upole. Nusu ya kesi za vyoo nilizowahi kushughulikia ziliisha hapo. Wengine walikuwa hawana tu pesa ya gari la kunyonya, wakakubali kulipa kidogo kidogo. Kwa kemikali, kwa betri, au kwa mtu aliyewahi kutoa vitisho, usiende. Utampa muda wa kuficha na utajiweka hatarini.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake. Hata kama unajua tatizo ni la NEMC, pita hapo, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa kule juu ni, "Mtaa wenu unasemaje?" Sheria ya mwaka 2004 inataka mazingira yasimamiwe hadi ngazi ya mtaa, kijiji na kitongoji, na inaruhusu kamati kwa kazi hiyo. Omba jambo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi na liingie kwenye muhtasari. Nakala ya muhtasari uliosainiwa na kupigwa mhuri ichukueni siku hiyohiyo. Ukisubiri wiki mbili, utaambiwa katibu amesafiri.

Hatua ya 5: Barua

Iwe ukurasa mmoja. Mbele ya ofisa kuna rundo la barua, na ile ya kurasa saba itasomwa ya mwisho. Juu weka anwani na tarehe, kisha cheo cha mwandikiwa, halafu kiini chake kiende hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUYEYUSHWA KWA BETRI CHAKAVU KARIBU NA MAKAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa mtaa wa ______, kata ya ______, tunaleta malalamiko kuhusu shughuli ya kupasua na kuyeyusha betri za magari inayofanyika katika eneo lililo ______ (eleza lilipo). Kati ya tarehe ______ na ______ tumeandika matukio ______, yote usiku kuanzia saa nne. Watu ______ wametibiwa, na vyeti vyao vimeambatishwa.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Tunaomba: (1) ukaguzi ufanyike usiku, Jumanne au Ijumaa, (2) shughuli isimamishwe wakati uchunguzi unaendelea, (3) udongo wa eneo hilo upimwe, (4) tujibiwe kwa maandishi."

Tazama namba tatu na nne. Barua nyingi huishia na "tunaomba msaada wako", na ofisa mwema kabisa anabaki hajui ni msaada gani. Mpe kitu cha kufanya.

Chini weka majina na saini. Watatu hadi watano wasioyumba wanatosha, wengine wawe kwenye orodha iliyoambatishwa. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa na mwenye nyumba msimlazimishe kusaini. Daftari na vyeti vitasema kwa niaba yake. Weka "Nakala kwa" na uandike wengine wanaohusika: mtendaji wa kata, afisa afya wa kata, diwani.

Toa nakala moja ya ziada, yako. Fika masjala, siyo mapokezi wala kwa ndugu yako anayefanya kazi ghorofa ya pili. Barua ipokelewe, na kwenye nakala yako upigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Uliza namba ya jalada, iandike juu ya nakala. Usiondoke bila hivyo viwili. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliwaambia wakazi wa bondeni "niachieni mezani hapo, nitaipeleka." Nikahamishwa kata baada ya wiki, barua ikabaki kwenye droo. Mvua zilikuja zikakuta shimo lile bado liko wazi. Tangu hapo sijapokea barua ya mtu bila kumwandikia kuwa nimeipokea.

Hatua ya 6: Fuatilia kwa adabu na kwa tarehe

Zipite siku 14. Rudi na nakala yako, uliza: "Jalada namba fulani liko kwenye meza ya nani?" Ukiuliza tu "barua yetu imefikia wapi," utajibiwa "inafanyiwa kazi."

Wakikwambia mwenye eneo amepewa notisi, uliza inaisha tarehe ngapi, uiandike kwenye daftari. Siku inayofuata hiyo tarehe, uwepo ofisini. Notisi nyingi hupuuzwa kwa sababu hakuna aliyerudi kuangalia.

Ukinyamaziwa, panda ngazi moja moja ukiambatisha nakala zenye mihuri: mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya, NEMC kanda. Ofisi ya umma ikikataa kutimiza wajibu wake, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya namna hiyo. Mahakama nayo ipo: kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinamruhusu mtu kufungua shauri kutetea haki hiyo ya mazingira. Msikate tamaa kwa kukosa pesa ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bure. Ulizeni ustawi wa jamii kwenye halmashauri yenu wawaelekeze.

Na wakishaondoka?

Wale wa betri waliondolewa. Kina mama walishangilia, na mimi nilifurahi nao, lakini niliwaomba daftari lisifungwe. Kwanza kwa sababu watu wa namna hiyo hurudi baada ya miezi miwili. Pili kwa sababu ya udongo: risasi haiozi wala haisombwi yote na mvua, na pale uani palikuwa na mwembe ambao watoto wa mtaa mzima walikuwa wanacheza chini yake. Tuliandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, tukiomba aliyechafua aamriwe kusafisha. Ilichukua muda mrefu kuliko kuwaondoa wenyewe. Wakati tunasubiri, wazee walizungushia eneo senyenge, kina mama wakapanda ukoka kwenye ukingo ili vumbi lisipeperuke, na kila mtoto aliyekuwa na chini ya miaka sita akaandikwa jina na mzazi wake kwenye kurasa za nyuma za lile daftari, ili rufaa ya kipimo cha damu ikipatikana asisahauliwe hata mmoja.